Unga Mweusi wa Steshenari ya Mama

Juzi nilikuwa kwenye duka la kutoa kopi, nikisubiri cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, mashine ikaishiwa wino. Binti aliyekuwa akihudumia wala hakushtuka. Alifungua mlango mdogo wa mbele, akachomoa kopo la plastiki lililozibwa pande zote, akachomeka jingine, akaendelea kumsimulia mwenzake habari za harusi ya Jumamosi. Mikono yake ilibaki safi. Kucha zake za rangi ya waridi hazikupata hata doa. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ukingo wa meza, nimebana pumzi, na sikujua kwamba nimeibana mpaka aliponiuliza, "Dada, unaumwa?"

Sikuwa naumwa. Ilikuwa ile harufu tu, harufu ya karatasi inayotoka mashineni ikiwa bado ya moto, yenye kitu cha kuungua kwa mbali ndani yake. Wengine huipenda. Mimi inanirudisha Tunduma, kwenye chumba chetu cha mbele, na nikifika huko nakuwa tena mtoto anayehesabu kwamba leo mama yupo, ila kesho haijulikani.

Wa rika langu mnazikumbuka mashine zile. Zilisimama sakafuni kama kabati, zililetwa zikiwa zimeshachoka kwa watu wengine, na zikiwashwa zilinguruma kwanza, zikafikiri, kisha taa ya kijani ikapita chini ya kioo. Tunduma zilikuwa nyingi kwa sababu mpakani hakuna kinachovuka bila kopi. Dereva alitaka kopi ya leseni, ya kadi ya gari, ya karatasi za mzigo, na wakala wa forodha alitaka kopi za hizo kopi. Malori yalipanga foleni mbele ya mlango wetu kuanzia asubuhi, yakitimua vumbi jekundu kiangazi chote, na madereva waliruka chini wakiwa na bahasha kwapani. Walikuwapo Wakongo, Wazambia, na watu wa kwetu. Wazambia walimwita mama "mayo," yaani mama kwa lugha yao, na wakipewa karatasi zao walishukuru kwa kusema "natotela," naye aliwajibu kwa Kibemba chake cha kuokoteza, wakacheka wote.

Baba alikuwa dereva wa malori hayohayo. Alikwenda Lubumbashi na kurudi, na alipokuwa nyumbani alikuwa mgeni anayelala sana. Kwa hiyo duka lilikuwa la mama, na mashine ilikuwa ya mama. Mama alikuwa mtu wa Ibaba, kule juu Ileje. Aliteremka Tunduma akiwa bibi harusi, akajifunza biashara ya karatasi akiwa ameniweka mgongoni. Akikasirika alirudi kwenye Kindali, lugha ya kwao. Akifurahi alipiga kifuniko cha mashine kwa kiganja, kama mtu anayempiga ng'ombe wake ubavuni.

Mashine ile haikuchomekwa kopo la wino. Ililishwa. Wino wake ulikuwa unga, mweusi, laini kuliko poda ya mtoto, na uliuzwa kwenye chupa. Mama alifungua ubavu wa mashine, akachomoa mrija mrefu, akaweka faneli ya karatasi kwenye mdomo wa mrija, akamimina taratibu. Hata ukimimina kwa upole kiasi gani, unga ule ulipanda. Ulisimama hewani kwenye mwanga wa dirisha, haushuki. Kisha kulikuwa na kisanduku cha chini, kilichokusanya unga uliokwisha kutumika, nacho kilibidi kikung'utwe nyuma ya nyumba. Mama alirudi kutoka huko akiwa na nyusi nyeusi kuliko zilivyokuwa, nami nikimcheka, naye akinipaka puani kwa kidole.

Sikumbuki kikohozi kilianza lini. Nakumbuka tu kwamba kuna wakati hakikuwapo, na baadaye nikawa siwezi kulala bila kukisikia, kama mtu anayekaa karibu na mashine ya kusaga. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, cha mtu anayetaka kusema jambo na anasita. Halafu kikarefuka. Asubuhi moja alikohoa akiwa ameinamia beseni, nikamwona anafuta mdomo na kukunja kitambaa haraka, lakini nilikuwa nimeshaona. Palikuwa na ute, na ndani yake michirizi myeusi.

"Ni nini hicho, mama?"

"Vumbi la malori."

Lakini vumbi la malori lilikuwa jekundu. Nililijua, nililala nalo na kuamka nalo. 

Siku hizo kopi nazo zilianza kuharibika. Zilitoka na mistari ya kijivu, kama mtu amepitisha vidole vichafu juu ya karatasi. Mawakala wakalalamika. Mama akamwita Fundi Silwamba, aliyekuwa na banda lake mtaa wa pili, mtu mrefu, mpole, aliyetembea na bisibisi sikioni kama wengine wanavyoweka kalamu. Aliifungua mashine akakaa nayo mchana mzima, kisha akatoka nje kupiga simu kwa mwenzake aliyekuwa na vipuri. Mimi nilikuwa naanua nguo upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia vizuri, neno kwa neno.

"Huyu mama amekwisha, ndugu yangu. Ndani amejaa unga mweusi mtupu. Nikikwambia atafika Krismasi nitakuwa nakudanganya." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hakuna dawa. Afadhali wamrudishe tu kwao."

Nilisimama na shati la baba mkononi. Nakumbuka lilikuwa bado na unyevu kwenye kola, na nilikuwa naiminya ile kola.

Nilikuwa nimeshaona watu wanaorudishwa kwao. Mzee wa nyumba ya jirani alirudishwa kwao Kamsamba akiwa amelazwa nyuma ya pikapu juu ya godoro, na wiki chache baadaye wanawe walirudi wakiwa wamenyoa. Nilijua maana yake. Mgonjwa anarudishwa kwao pale hospitali inaposhindwa, ili kaburi lisiwe mbali.

Ningeweza kumwuliza mtu. Watu wazima huwa wanajiuliza kwa nini watoto hawaulizi. Mimi sikuuliza kwa sababu niliamini kwamba jambo likitamkwa litasikia jina lake na kuja. Badala yake nilianza kulinda. Nilijifanya naumwa tumbo ili nisiende shule. Mama akishika chupa ya unga nilikimbilia kufungua dirisha na mlango, naye akinigombeza kwa kuleta vumbi ndani. Akiwa anamimina, nilibana pumzi yangu, nikidhani kwa namna fulani nampunguzia. Nilibana mpaka macho yakaona nyota.

Siku moja alinyanyua kichwa kutoka kwenye kazi akasema, "Sekela, likizo hii twende Ibaba tukamwone bibi. Nimechoka. Nahitaji ile baridi."

Nikalia. Nililia kilio ambacho hata mimi kilinishangaza, nikajishikilia mguu wa meza. "Usiende kwenu! Usiende, mama! Kaa hapahapa!"

Mama alinitazama kwa muda mrefu. Alihuzunika, naona leo. Alidhani simpendi mama yake. "Bibi yako hajakukosea kitu," alisema taratibu. "Ni mkali wa mdomo tu." Na habari ya kwenda Ibaba ikaishia hapo, nami nikaona nimeshinda siku moja.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mama mwenyewe alikuwa na hofu yake, na hofu yake ilikuwa na akili kuliko yangu. Mhudumu wa zahanati alikwishamwambia aachane na unga ule. Aachane nao aende wapi? Duka ndilo lililotulisha. Kwa hiyo aliwaza namna ya kubaki na unga bila kuuvuta.

Wazo lilimjia kwenye mashine ya kusaga. Nilikuwa naye, nimebeba debe la mahindi. Kama mliwahi kusagisha mnajua, juu ya mashine huwa kuna mfuko mrefu wa kitambaa unaotuna kwa upepo, na unga unaopeperuka unanasa humo. Mama alisimama akautazama ule mfuko ukipumua, akasahau hata zamu yetu, mpaka wanawake wa nyuma wakapiga kelele.  Tulipofika nyumbani alimtuma mtu amwite mdogo wake, mama mdogo Tumpe, aliyekuwa fundi cherehani sokoni.

"Nataka unishonee mikono miwili," mama akamwambia.

"Mikono ya gauni?"

"Mikono ya sanduku."

Mama mdogo Tumpe alicheka hadi akakaa chini, lakini alishona. Sanduku lilikuwa la mbao, lilichongwa na seremala wa jirani, ukubwa wa kuingiza ule mrija na chupa ya unga. Juu liliwekwa kioo kilichotolewa kwenye fremu ya picha ya harusi yao. Mbele lilitobolewa matundu mawili, na kwenye matundu ikashonewa mikono ya koti la mvua, yenye mpira mwishoni kama wa sketi. Unafungia vitu ndani, unaingiza mikono yako kwenye ile mikono, unatazama kwa kioo, unamimina. Upande mmoja Fundi Silwamba alifunga feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa. Upande wa pili ukafungwa mfuko wa kitambaa kama ule wa mashine ya kusaga. Feni ilikuwa ipulize unga uende kunasa kwenye mfuko.

Mimi nililichukia lile sanduku. Kwa macho yangu sanduku la mbao lenye kioo juu, kwa ajili ya mama, lilifanana na kitu kimoja tu. Lilipokuwa limelala mezani likingojea gundi ikauke, sikupita upande ule wa chumba.

Siku ya kulijaribu wateja walikuwa wachache. Mama alifunga kitambaa mdomoni, akaingiza mikono. Mama mdogo Tumpe alikuwa sokoni. Fundi alikuwa bandani kwake. Tulikuwa mimi na yeye. Akanikonyeza kupitia juu ya kitambaa akasema, "Washa feni."

Nikawasha.

Kwa sekunde chache mambo yalikwenda sawa. Mfuko ulituna. Kisha nikaona kwenye kona ya sanduku, pale mbao mbili zilipokutana, kitu kama moshi. Halafu kona ya pili. Halafu kwenye mishono ya mikono, kuzunguka kioo, kila mahali. Feni ilikuwa inasukuma, na unga ulikuwa unatafuta kila upenyo wa kutokea, na ule uliofika kwenye mfuko ulipita kwenye nyuzi kama hakuna kitambaa. Chumba kikajaa usiku mchana kweupe. Mama alijaribu kuchomoa mikono, mpira ukamkaba vifundo. Nikachomoa waya ukutani. Alipojinasua alikuwa anakohoa kikohozi ambacho sijawahi kukisikia tena, kisichokuwa na nafasi katikati. Alifika kizingitini, akaketi, kisha akalala ubavu. Alikuwa mweusi uso mzima na macho yake yalikuwa meupe mno, na kila alipovuta hewa ililia kama filimbi.

Nilikimbia. Nilipita kati ya malori mawili yaliyosimama, dereva akanitukana, sikujali. Nilimkuta Fundi ameinama juu ya printa.

"Fundi, siku imefika! Ulisema hafiki Krismasi, sasa hafiki hata jioni!"

Alitupa bisibisi, tukawa tunakimbia wote wawili. "Nani hafiki Krismasi?"

"Mama! Ulisema kwenye simu, ndani amejaa unga, hakuna dawa, arudishwe kwao!"

Alisimama katikati ya barabara. Naona uso wake hata leo. "Mungu wangu," alisema. "Sekela, nilikuwa naisema mashine. Hizi kubwa mimi naziita mama. Nilikuwa naisema mashine, mwanangu, irudishwe kwa aliyeiuza." Akanishika mkono, tukaendelea kukimbia.

Nilimsikia, na nilimwelewa, lakini maneno yake hayakunisaidia kitu. Kosa langu lilikuwa limesahihishwa na mama alikuwa bado amelala kizingitini. Jirani alikuwa amemwinua kichwa akimpepea kwa kanga. Fundi alimbeba mikononi hadi kwenye bajaji, nami nikaachwa na mama mdogo Tumpe aliyekuja mbio akiwa na futi ya kupimia shingoni. Chumba cha mbele kilikuwa na ngozi nyeusi juu ya kila kitu, kwenye kalenda, kwenye madaftari ya kuuza, kwenye sahani yangu ya chai. Tumpe alitaka kuanza kufuta. Nilimwambia asiguse, utapanda tena.

Mama alikaa hospitali siku kadhaa. Baba alipata habari akiwa upande wa Zambia, akarudi na uso wa mtu ambaye hajalala. Walipomrudisha nyumbani alikuwa amekonda shingo, na alikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Kila mgeni aliyekuja alionyeshwa bahasha lakini hakuna aliyenionyesha mimi. Walipokuwa nje nikaifungua. Ilikuwa picha ya kifua. Nilitambua mbavu, nyeupe, kama fito za chanja ya kukaushia samaki. Na nyuma ya mbavu, pande zote mbili, kulikuwa na weusi mtupu. Weusi uliojaa, mzito, kuanzia mabegani mpaka chini.

Niliirudisha kwenye bahasha. Kwa hiyo Fundi alikuwa amesema kuhusu mashine, lakini hata mama ndani amejaa. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Hakuna mtu ambaye angenidanganya tena.

Jioni ile baba aliniita. Alinikalisha miguuni pake, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Mama yako atakwenda Ibaba kwa bibi," alisema. "Anakwenda kupumzika."

Nilijua pia neno hilo. Kanisani walilitumia kwa waliokufa. Sikulia safari hii. Nilimsaidia mama kukunja nguo zake, zote, nikichagua zile nzuri, na nilipoona anaacha sweta la bluu nikalitia mwenyewe ndani ya begi kwa sababu niliwaza kwamba chini ya ardhi kule juu lazima kuna baridi sana. Aliniona akadhani namfikiria ukungu wa Ibaba. Akanibusu utosini. "Una akili, mwanangu," alisema kwa sauti iliyokuwa haijarudi vizuri.

Baada ya hapo nilikaa na mama mdogo Tumpe kwenye nyumba ileile. Mashine ilifunikwa shuka. Wateja walipiga hodi wakaondoka. Nilikwenda shule kwa sababu hakukuwa na wa kumlinda. Kila simu ya Tumpe ilipolia nilitoka nje, nikasimama kule chooni nikiziba masikio, na nilirudi pale tu niliposikia yeye anaongea kwa sauti ya kawaida.

Halafu siku moja alikuja kunitoa hukohuko. "Njoo, we mtoto, mama yako anakutaka. Amepanda kilimani kutafuta mtandao, usimchoshe."

Simu ilikuwa na upepo mwingi ndani yake. "Sekela? Unanisikia? Mwambie Fundi tulikosea. Feni isisukume. Ivute."

 Nilikuwa nasikiliza kama kuna filimbi.

"Upo? Nilikuwa nimekaa jikoni kwa bibi. Mlango ukifunguliwa, upepo unasukuma moshi unatuingia sote machoni. Ukifungwa, ukifunguliwa tundu la juu tu, moshi unavutwa wote unatoka hapo. Hautafuti pembeni. Feni ikae nyuma ya kitambaa, ivute kutoka sandukuni. Hapo penye nyufa hewa itakuwa inaingia, si unga unatoka. Na kitambaa kimoja hakitoshi. Tumpe ashone blanketi, vipande vitatu, kimoja kiwe na unyevu. Umeshika?"

"Nimeshika," nikasema. "Mama, umepandaje kilimani?"

"Kwa miguu. Kwani watu wanapandaje?"

Fundi Silwamba alipolisikia hilo la kuvuta, alijipiga paji la uso. Walibomoa sanduku na kulijenga upya. Tumpe alikata blanketi ya kijivu, akatia kipande kimoja maji, akakikamua. Feni ikageuzwa, ikakaa nje kabisa, nyuma ya blanketi. Hawakuruhusu mtu aingize mikono mpaka lijaribiwe. Tukatandaza karatasi nyeupe mezani kote kuzunguka sanduku, Fundi akaning'iniza chupa ya unga ndani kwa kamba, tukafunga, tukawasha, akaivuta kamba ili imwagike. Tulisimama uani tukichungulia dirishani. Kwenye kioo tuliona unga unapanda, unazunguka kidogo, kisha unaegemea upande mmoja kama nyasi kwenye upepo, na kupotea kwenye blanketi.

Fundi alizima. Tumpe aliingia na kanga puani akapitisha kidole kwenye karatasi, kona kwa kona. Akakinyanyua. Kisha akanigeukia, akaniambia nije nijaribu mwenyewe, kwa sababu alijua nisingeamini kidole cha mtu mwingine. Karatasi ilikuwa safi. Nilinusa mpaka mbao.

Baba alipopata tena ruhusa kazini alinichukua twende Ibaba. Tulipita Mpemba, tukafika Isongole, kisha gari likaanza kupanda na masikio yakaziba. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta kitandani. Tulimkuta shambani akichimba viazi pamoja na bibi, amevaa lile sweta la bluu, na bibi alikuwa anamgombeza kwamba hajui tena kushika jembe. Nilisimama ukingoni mwa shamba. Mama alinifuata yeye, akapanda mteremko, na alipofika kwangu alikuwa anahema, lakini kuhema kwa kawaida tu, kwa mtu aliyepanda mteremko.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Nimeiona picha," nikasema. "Umejaa weusi."

Hakuelewa. Kisha akaelewa, na akanishika mkono hadi ndani, akatoa bahasha, akanipeleka uani akainua picha kuelekea mawinguni. Alisema daktari alimwonyesha hivyohivyo, kwenye taa. Palipo na weusi ni hewa. Weusi ndio uzima. Akapitisha kidole hadi chini, upande wa kulia, kwenye michirizi myeupe kama utando wa buibui. "Hapa ndipo palipoumia. Hapa hapatapona kabisa, amesema. Lakini pengine pote, ona, pamejaa hewa."

"Kwa hiyo hufi?"

"Nitakufa, kama watu wote. Si kwa unga huu." Alisema kwa ukali kidogo, kama anamwambia mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu.

Alirudi Tunduma baada ya mavuno ya viazi. Aliingiza mikono sandukuni mchana wa kwanza, huku mimi nimesimama kwenye swichi, na sikuondoka hapo kwa majuma. Fundi Silwamba akaona mbali zaidi. Alitengeneza kingine, kidogo, chenye feni na blanketi vilevile, akakifunga nyuma ya mashine yenyewe ili kivute unga uliokuwa unazagaa ndani na kuikwaruza ngoma yake, lile silinda linalochapa karatasi. Mistari ya kijivu ikapungua, kisha ikakatika. Mashine aliyoihukumu kwamba isingefika Krismasi ilifanya kazi miaka. Watu wakaja kuangalia. Mwenye duka wa Vwawa akataka sanduku, akataka na wa Mlowo, na mwanamke mmoja wa Nakonde alivuka mpaka nalo kichwani, askari wakamsimamisha wakidhani amebeba kuku. Mama hakulipa jina. Wateja waliliita sanduku la mikono. Kila mmoja aliyekuja kulichukua alikalishwa kwanza akaambiwa habari ya feni kuvuta, na asiyesikiliza hakuuziwa.

Sasa masanduku hayo hayahitajiki. Mashine mpya zimekuja na makopo yaliyozibwa, na mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani niliona sanduku letu la mwisho limewekewa balbu, mama mdogo Tumpe anatunzia vifaranga. Mama hakuona ubaya. Ameliacha duka kwa mdogo wangu, aliyezaliwa baada ya mambo haya, anakaa Ibaba sehemu kubwa ya mwaka kwa sababu vumbi la mjini linamsumbua. Ile sehemu nyeupe ya picha ipo palepale. Akicheka sana hupiga mluzi kidogo mwishoni.

Nampigia Jumapili. Mtandao umefika siku hizi, hana haja ya kupanda kilimani. Anapokea, ananisalimia, anaulizia mtoto, na kila mara mimi nakaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Nilidhani ni siri yangu. Jumapili iliyopita nilikaa kimya hivyohivyo, nikisikiliza hewa ikiingia na kutoka, na mama akaniacha nisikilize mpaka niliporidhika.

"Haya," alisema, "nipo. Sasa sema ulichopigia."